Mgonjwa wa Moyo: Abaki Nyumbani au Aende Hospitali?

Mtu akishikwa ghafla na maumivu makali ya kifua, jamaa zake hugawanyika. Mmoja husema, "Tumpeleke hospitali." Mwingine husema, "Mwacheni apumzike, safari itamuua." Nani amesema kweli? Jambo hili hata madaktari wa Uingereza waliwahi kubishana.

Moyo ni pampu ya damu. Lakini moyo wenyewe nao unahitaji damu, na una mishipa yake ya kuuletea. Mshipa mmoja ukizibwa na damu iliyoganda, sehemu ya moyo hukosa damu, halafu huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

JARIBIO LA UINGEREZA

Zamani mgonjwa alipewa dawa ya kutuliza maumivu, akalazwa kitandani. Basi, watu wakauliza: kama kazi ni kulala tu, kwa nini asilale kwake? Daktari Mather wa mji wa Bristol na wenzake waliwagawa kwa kura wanaume 450. Wengine walitibiwa nyumbani, wengine hospitali. Matokeo yalitolewa mwaka 1976. Baada ya siku 28, kati ya kila wagonjwa 100 wa nyumbani walikufa 12. Wa hospitali walikufa 14. Kumbe karibu sawa!

Lakini tusidanganyike. Kwanza, wagonjwa wengi hawakuingizwa katika kura ile. Wenye hali mbaya walipelekwa hospitali moja kwa moja. Pili, wale wa nyumbani hawakuachwa hivi hivi. Daktari aliwafuata kitandani. Je, huku kijijini kwetu daktari huyo yuko?

MAMBO YAMEBADILIKA

Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 17,187. Walijaribiwa aspirini na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Kati ya kila 100 waliokosa dawa zote mbili, walikufa 13 katika wiki tano. Waliopata zote mbili walikufa 8. Na kadiri dawa ya kuyeyusha ilivyowahi, ndivyo ilivyosaidia zaidi.

Siku hizi madaktari wanaweza pia kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa na kuuzibua. Kazi hiyo hufanyika hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hospitali pia ina mashine ya umeme ya kuushtua moyo uliovurugika. Nyumbani hakuna vitu hivyo. Kulala tu hakuzibui mshipa.

TUFANYE NINI?

(a) Zijue dalili: kifua kubana kama kimewekewa mzigo, maumivu kwenda mkononi au tayani, jasho jembamba, pumzi kukata. Wengine, hasa akina mama na wenye kisukari, hawaumwi sana kifua.

(b) Mkalishe mgonjwa. Asitembee kwa miguu wala asiendeshe baiskeli.

(c) Kama aspirini haimdhuru na hatoki damu, atafune miligramu 300.

(d) Tafuteni gari mara moja. Msingoje kukuche.

Ndugu, usafiri hautafutwi siku ya ugonjwa. Leo jioni kaeni na jirani mwenye gari, mpatane. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, hapo ndipo nyumbani patamfaa kupumzika.