Mnakili: Maana na Asili ya Neno

Mnakili ni mtu anayeandika upya maandishi ya mwingine kwa mkono, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Jina lake limejengwa juu ya kitenzi nakili, kilichotoka katika Kiarabu naqala, maana yake kuhamisha kitu kutoka mahali pamoja na kukipeleka pengine. Waarabu mpaka leo huutumia mzizi huohuo kwa usafirishaji wa mizigo. Kwa asili ya jina, basi, mnakili ni mchukuzi, na mzigo wake ni maneno. Mzigo ukishafika, huitwa nakala.

Neno hili lina majirani wawili ambao mara nyingi huchanganywa nalo. Katibu limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa k-t-b, kuandika, uliozaa pia kitabu, maktaba na mkataba. Katibu huandika kwa niaba ya mkubwa au ya chama, na barua huweza kuitunga mwenyewe. Karani limevuka bahari kutoka Bara Hindi, ambako kirani alikuwa mwandishi wa ofisini. Kazi ya karani ni daftari na hesabu. Ndiyo maana huko Mtwara, msimu wa korosho, anayekaa kando ya mizani ya chama cha msingi akiandika kilo za mkulima huitwa karani, na katibu wa chama hichohicho ni mtu mwingine kabisa.

Katika pwani ya Waswahili unakili ulikuwa kazi ya watu waliosoma chuoni, walioandika Kiarabu, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilipata sifa katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyonakiliwa juu ya karatasi za Italia na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Lamu ilikuwa na Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Kijuma alizinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, akiwemo Alice Werner, na kazi za mkono wake zimehifadhiwa London na Hamburg.

Kazi yenyewe ilikuwa na kanuni zake. Kalamu ilikuwa tete lililochongwa ncha. Chini ya ukurasa wa kulia mnakili aliandika neno la kwanza la ukurasa wa kushoto, ili karatasi zikichanguka ziweze kupangwa tena. Mwishoni aliweka tamati: jina lake, tarehe ya Hijria, pengine na jina la aliyenakiliwa kitabu hicho, kisha dua. Kwa tamati hiyo mnakili alijitambulisha kuwa ndiye aliyeubeba mzigo, na kosa likionekana linajulikana ni la mkono wa nani.

Utawala wa Kijerumani ulieneza ofisi na herufi za Kilatini, na Mikindani, karibu na mji wa Mtwara, ilipata boma lake mwaka 1895. Baadaye ikaja taipureta pamoja na mpiga chapa, kisha mashine ya fotokopi. Leo katika duka la stesheneri la Chikongola, mjini Mtwara, mteja mwenye cheti mkononi huomba atolewe kopi au kivuli, na matangazo ya kazi hudai "nakala kivuli". Jina hilo linafaa, kwa kuwa kivuli hufuata umbo la mwenyewe barabara. Mashine hairuki mstari kama mwandishi aliyechoka, lakini haina jina la kuweka chini ya kazi yake. Ndiyo sababu mwombaji hulazimika kukipeleka kivuli kwa wakili, akigonge muhuri kuthibitisha kwamba ni nakala ya hati halisi. Muhuri huo umeshika nafasi ya tamati.

Uzito wa kazi ya mnakili unaonekana vizuri zaidi huko Kilwa, jirani wa Mtwara upande wa kaskazini. Historia ya masultani wa Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu karne kadhaa zilizopita, na muhtasari wake ukachapishwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552. Matini ya Kiarabu inayosomwa na wanahistoria leo ni nakala moja, iliyoandikwa kwa mkono Unguja mwaka 1877, ikapitia kwa John Kirk, balozi wa Uingereza, na sasa imo katika Maktaba ya Uingereza, London.