Ajali imepita, mbona moyo bado unauma?

Je, mfupa ukiunga, na moyo nao umepona? Si lazima! Mwaka 1925 huko Meksiko, basi alilopanda Frida Kahlo, msichana wa miaka 18, liligongana na tramu. Alivunjika uti wa mgongo, nyonga na mguu. Akiwa hoi kitandani, alianza kuchora. Maumivu hayakuisha, lakini alipata njia ya kuyatoa.

Wewe pia jaribu. Chora kile unachoshindwa kusema. Uzuri wa picha si hoja. Ukizidiwa, weka penseli chini, pumzika. Asikulazimishe mtu kuieleza picha yako. Na kama woga na ndoto mbaya vinaendelea zaidi ya mwezi, muone mshauri nasaha au nenda kituo cha afya. Si aibu hata kidogo!