Kuhamisha Seva ya Usimamizi wa Usalama wa Mtandao: Kazi na Istilahi Zake

Utangulizi

Miongoni mwa hati wanazoletewa wafasiri wetu siku hizi imo miongozo ya mitambo ya kompyuta. Hati hizi hazina mapambo ya lugha, na kwa sababu hiyo wako wanaozidhania kuwa ni nyepesi kutafsiri. Sivyo. Shairi likitafsiriwa vibaya, msomaji hukosa utamu. Mwongozo wa mtambo ukitafsiriwa vibaya, mtu hubonyeza kitufe ambacho hakupaswa kukibonyeza, na yaliyofutika hayarudi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi moja tu ya mitambo hiyo, nayo ni kuhamisha seva ya usimamizi wa usalama wa mtandao kutoka mashine ya zamani kwenda mashine mpya. Tumeichagua kazi hii kwa sababu inayapima maneno yetu vizuri. Tazama sentensi hii: "Seva ikishahama, seva isizimwe mpaka seva ijaribiwe." Mtaalamu aliyeiandika anajua anachokisema. Karani anayeisoma hajui ni seva ipi inayohama, ipi isizimwe, na ipi ijaribiwe. Kosa haliko katika sarufi. Liko katika neno moja kubebeshwa vitu viwili.

Sehemu tatu za mfumo

Ili tupate kuzungumza kwa hakika, tutatumia mfano wa mifumo ya kampuni ya Check Point, iliyoanzishwa nchini Israeli mwaka 1993. Muundo wake una sehemu tatu, na mifumo mingine mingi ya namna hii inafanana nao.

Sehemu ya kwanza ni malango. Hizi ni mashine zinazokaa mpakani mwa mtandao, zikikagua kila pakiti ya data inayoingia au kutoka, na kuiruhusu au kuizuia. Sehemu ya pili ni seva ya usimamizi. Hapa ndipo zinapotunzwa kanuni zote, orodha ya mashine na watumiaji, na mamlaka ya kutoa vyeti ambavyo malango huvitumia kutambulishana. Sehemu ya tatu ni konsoli, yaani programu ambayo msimamizi huifungua katika kompyuta yake mwenyewe ili aandike au abadilishe kanuni.

Mfano wa ofisi unafaa hapa. Malango ni askari wa getini, seva ya usimamizi ni ofisi kuu yenye daftari la amri, na konsoli ni meza ya mkuu wa ulinzi. Ofisi kuu ikifungwa kwa siku moja, askari hawaachi lindo, kwani wanazo amri za mwisho walizopewa. Ila hawawezi kupokea amri mpya, na taarifa zao hujilimbikiza getini hadi ofisi ifunguliwe. Ndiyo maana seva ya usimamizi inaweza kuhamishwa bila ya kuukata mtandao. Na ndiyo maana pia haifai kukaa muda mrefu bila seva hiyo: orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, ambayo malango huisoma kutoka kwake, ina mwisho wa uhalali.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya jina la ukuta unaolinda mtandao. Wengi husema "ukuta wa moto". Katika Kiingereza jina hilo lilitokana na ujenzi, ambako ukuta mnene hujengwa kati ya nyumba na nyumba ili moto usivuke. Lakini katika Kiswahili kihusishi "wa" hapa humfanya msikilizaji aone ukuta unaowaka, jambo lililo karibu zaidi na mawaidha ya Jehanamu kuliko kazi ya ofisi. Tunaona "ukuta kinga" unaeleza kazi yenyewe bila ya kumwasha mtu.

Seva ni ipi?

Neno "seva" limekwisha kuzoeleka na hatuoni haja ya kulikataa. Tatizo ni kwamba linatumika kwa maunzi, yaani mashine yenye chuma na waya, na pia kwa programu inayofanya kazi ndani ya mashine hiyo. Siku za kawaida mchanganyiko huo haudhuru, kwa kuwa viwili hivyo hukaa pamoja. Siku ya kuhama ndipo vinapoachana: programu na data zake huenda kwenye mashine mpya, na mashine ya zamani hubaki rafuni pake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika miongozo ya namna hii mfasiri aseme "mashine" kila anapokusudia maunzi, na aliache neno "seva" kwa ile kazi inayofanywa na programu. Sentensi yetu ya mwanzo sasa itasomeka hivi: "Seva ikishahamia mashine mpya, mashine ya zamani isifutwe mpaka seva ijaribiwe." Karani ataielewa. Msomaji aliyekuwa makini ataona pia kwamba "isizimwe" imegeuka "isifutwe". Sababu yake itaonekana mbele.

Hama, hamia, hamisha

Kitenzi "hama" kimetupa utajiri ambao lugha nyingine hulazimika kuupata kwa maneno mengi. Seva inahama mashine ya zamani, inahamia mashine mpya, na mtaalamu ndiye anayeihamisha. Mfasiri akizitumia kauli hizi ipasavyo, hatahitaji kueleza kila mara ni wapi kunakotoka na ni wapi kunakokwenda.

Lakini upo mtego. Mtu akihama nyumba, huchukua vyombo vyake vyote na nyumba hubaki tupu. Seva haihami hivyo. Kinachofanyika ni kunakili: data hubaki katika mashine ya zamani kama zilivyokuwa, na nakala yake hupelekwa katika mashine mpya. Mfasiri hana budi kulisema jambo hili waziwazi mwanzoni mwa mwongozo. Asipolisema, msomaji ataidhania mashine ya zamani kuwa imekwisha kuwa tupu, naye ataitoa au kuifuta mapema.

Toa, ingiza na nakala ya akiba

Hatua ya kwanza ya kazi ni kuandika habari za mashine ya zamani: toleo la programu, viraka vilivyowekwa, jina la mashine, anwani yake, na leseni zake. Kisha msimamizi husimamisha mabadiliko, maana kanuni itakayoandikwa baada ya nakala kutolewa haitakuwamo katika mashine mpya.

Hatua ya pili ni kutoa nakala ya hifadhidata. Katika biashara neno linalotumika kwa kitendo hiki ni "kuuza nje", na tusingependa msomaji adhani kwamba siri za ofisi zimeuzwa. Neno "toa" peke yake nalo lina hatari, kwa kuwa katika hesabu ni kupunguza na katika nyumba ni kuondoa. "Toa hifadhidata" ni amri inayoweza kueleweka kinyume kabisa. Tunapendekeza "toa nakala ya hifadhidata", na kwa upande wa pili "ingiza nakala".

Nakala hiyo isichanganywe na nakala ya akiba ya mashine nzima. Nakala ya akiba hubeba pamoja na data mipangilio inayohusu mashine yenyewe, kama vile kadi zake za mtandao, na kwa hiyo hurejeshwa vyema katika mashine ya aina ileile yenye toleo lilelile. Nakala ya kuhamia hubeba kanuni, orodha na vyeti tu, ndiyo maana inaweza kuingizwa katika maunzi mengine. Mwenye busara hutengeneza zote mbili: ya pili kwa safari, na ya kwanza kwa dharura.

Faili la nakala lina funguo za siri za ofisi nzima. Lisafirishwe kwa njia iliyofichwa kwa msimbo, na likifika lilinganishwe na la asili kwa alama ya uhakiki, yaani ile nambari inayokokotolewa kutokana na yaliyomo katika faili. Herufi moja ikibadilika, alama hubadilika.

Cheti, leseni na anwani

Malango hayamtambui msimamizi wao kwa sura wala kwa anwani peke yake. Humtambua kwa cheti. Iwapo mamlaka ya vyeti imehama pamoja na hifadhidata, malango yataendelea kuiamini seva. Iwapo mtaalamu ameiweka seva upya bila ya kuihamisha mamlaka hiyo, itambidi alitambulishe kila lango upya kwa neno la siri, moja baada ya jingine. Penye malango mia, hiyo si kazi ya usiku mmoja.

Leseni ni jambo jingine. Wafasiri wengine wameandika "cheti" na "leseni" kana kwamba ni kitu kimoja, labda kwa kuwa vyote viwili hutundikwa ukutani. Cheti huthibitisha u nani. Leseni hukuruhusu kutumia. Katika mifumo tunayoizungumzia, leseni aghalabu hufungwa kwenye anwani ya seva, kwa hiyo anwani ikibadilika leseni nayo hutolewa upya.

Kubadili anwani kuna hatari nyingine ambayo wageni wa kazi hii huisahau. Ukuta kinga hufuata kanuni zake bila ya upendeleo. Kama kanuni hazikuitaja anwani mpya, malango yataizuia seva mpya kama yanavyomzuia mgeni yeyote, na mwenye nyumba atakuwa amejifungia nje. Dawa yake ni kuandika kanuni inayoiruhusu anwani mpya na kuipeleka katika malango mapema, kabla seva ya zamani haijaondolewa kazini.

Anwani isipobadilika, sharti ni kwamba mashine mbili zisiwe kazini katika mtandao mmoja kwa wakati mmoja. Ya zamani huchomolewa kwanza, kisha mpya huchomekwa. Vifaa jirani huweza kuendelea kwa muda kuikumbuka kadi ya mashine ya zamani, na kumbukumbu hiyo huhitaji kusafishwa.

Hatari ya neno "kumbukumbu"

Sasa tumefika kwenye neno lililotusukuma kuandika makala haya. Katika ofisi zetu "kumbukumbu" ni maandishi ya kikao. Katika kompyuta limetumika kwa sehemu ya mashine inayoshika data kwa muda, kwa maandishi ya matukio yaliyopita katika malango, na pengine hata kwa nakala ya akiba. Tuchukue mfano wa mwongozo usemao: "Safisha kumbukumbu kabla ya kuchomeka mashine mpya." Mwandishi alikusudia ile kumbukumbu ya vifaa jirani tuliyoitaja hivi punde. Karani mwaminifu, akitii alichosoma, anafuta maandishi ya matukio ya miezi sita.

Maandishi hayo si takataka. Ndiyo yanayoonyesha nani aliingia, saa ngapi, kutoka wapi. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Maandishi ya matukio yanaweza kutakiwa kuwa ushahidi, na shahidi ataulizwa kwa Kiswahili yako wapi. Akijibu kwamba kumbukumbu zilisafishwa, haitamsaidia kueleza kuwa kosa lilikuwa la mfasiri.

Isitoshe, kwa kuwa maandishi hayo ni mengi mno, aghalabu hayamo katika nakala ya kuhamia. Huhamishwa peke yake. Tunapendekeza yaitwe "daftari la matukio". Wanaotaka neno fupi wanalo "batli", neno la mabaharia lihusulo mwendo na safari ya chombo. "Kumbukumbu" ibaki kwa ile sehemu ya mashine na kwa vikao vyetu.

Mbachao na msala

Wazee walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Mashine ya zamani ikishachomolewa izimwe, lakini isifutwe. Seva mpya ijaribiwe kwanza: konsoli ifunguke, kila lango liitambue, kanuni zipelekwe katika lango moja kabla ya mengine, na matukio mapya yaonekane daftarini. Likitokea baya, mashine ya zamani hurudishwa na kazi huendelea. Yakithibitika yote, ndipo diski zake zifutwe kwa njia isiyoacha alama, kwani siri za ofisi bado zimo ndani yake.

Istilahi tunazopendekeza

Alama ya uhakiki: nambari inayokokotolewa kutokana na faili ili kuthibitisha kwamba halikubadilika.

Cheti: hati ya kielektroniki inayothibitisha utambulisho wa mashine au mtu.

Daftari la matukio (batli): maandishi ya mambo yaliyopita katika mfumo, kwa tarehe na saa.

Kanuni za ukuta: amri zinazoruhusu au kuzuia pakiti. Tunaepuka "sera", ambayo watumishi wa umma wanaijua kuwa ni msimamo wa serikali.

Lango: mashine ya mpakani inayotekeleza kanuni za ukuta.

Nakala ya akiba: nakala ya mashine nzima kwa ajili ya dharura.

Nakala ya kuhamia: nakala ya hifadhidata na vyeti, iliyokusudiwa kuingizwa katika mashine nyingine.

Seva ya usimamizi: programu inayotunza na kugawa kanuni, mbali na mashine inayoibeba.

Hatudai kwamba maneno haya ndiyo ya mwisho. Tunaloshikilia ni kwamba ndani ya mwongozo mmoja kila kitu kiwe na jina lake, na jina moja lisibebe vitu viwili. Walimu wayajaribu darasani, mafundi wayajaribu kazini, na wafasiri watuandikie pale yatakapowakwama.