Simu bado nzima, lakini WhatsApp haiite tena

Simu inawaka, batri inashika umeme, mega zimo. Lakini ukitaka kuita ndugu kwa WhatsApp, hakuna kitu. Ndiyo hali ya simu ndogo za kubonyeza zinazotumia KaiOS, ambazo watu wa kipato kidogo walinunua ili nao waongee kwa intaneti.

Mwaka wa 2019, kampuni Orange, inayofanya kazi pia inchini Congo, ilitangaza Sanza, simu ya KaiOS ya karibu dola 20 kwa masoko yake ya Afrika. Mwaka huo WhatsApp ikaenea kwenye simu za KaiOS. Mwezi wa tatu mwaka wa 2021, kuita kwa sauti kukaongezwa. Furaha haikudumu: tangu mwezi wa sita mwaka wa 2024, WhatsApp haipakuliwi tena kwenye simu hizo, na waliokuwa nayo walipewa muda hadi mwanzo wa 2025.

Simu hazikuharibika. Mmoja anatengeneza simu, mwingine anatengeneza KaiOS, lakini ufunguo wa kuita unabaki mkononi mwa Meta, mwenye WhatsApp. Akiacha aina fulani ya simu, mnunuzi hana la kufanya.

Si mara ya kwanza. Mwaka wa 2006, Netgear ilitoa simu ya Wi-Fi ya kuitia kwa Skype. Skype ilikuwa na kanuni zake za siri, na tarehe 5 mwezi wa tano 2025 ilifungwa kabisa.

Ingewezekana kuwa vingine. Mwenye Airtel anaita mwenye Vodacom bila shida, kwa sababu mitandao hiyo inafuata kanuni moja. Kwa intaneti pia iko kanuni ya wazi, SIP, ila WhatsApp haiwafungulii watu wa kawaida wenye simu za SIP. Katika Umoja wa Ulaya, sheria inailazimisha WhatsApp kufungulia programu za wengine, ujumbe kwanza, kuita baadaye. Sheria hiyo haifiki Goma wala Bukavu.

Kwa familia za mashariki zilizotawanyika kati ya kambi, miji na ngambo, kupoteza WhatsApp ni kupoteza sauti ya mtu. Basi kabla ya kutoa feza, uliza Android ya simu ni namba ngapi, na muombe muuzaji aite mtu kwa WhatsApp mbele yako. Boksi jipya peke yake si hakikisho.