Pikipiki Kuukuu Inapokataa Kuwaka

Watu wengi wa Kitui na Makueni hununua pikipiki zilizokwisha tumika, wapate kuchukua abiria na mizigo. Pikipiki ya namna hiyo ikizimika njiani, mwenyewe asiharakishe kununua kabureta mpya. Yafaa kwanza aifuate njia ya petroli, injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara.

Kwanza, afungue kifuniko cha tangi. Injini ikiwaka baada ya hapo, tundu la hewa la kifuniko limezibwa na vumbi.

Pili, afunge koki, auchomoe mpira wa petroli kwenye kabureta, autie katika chupa, kisha afungue koki. Petroli ikidondoka tone tone, kutu ya tangi imeziba koki au chujio.

Tatu, ikitiririka vema, arudishe mpira, kisha alegeze skrubu iliyo chini ya kabureta. Maji yakitoka, au harufu ya mafuta ya taa, kosa ni la petroli yenyewe. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa Sh. 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuzuia uchanganyaji huo.

Yote yakiwa mema, ndipo amwite fundi asafishe jeti. Kusafisha ni rahisi kuliko kununua.