Kaya Isiyo na Kizazi cha Kati: Utangulizi wa Masomo ya Malezi ya Bibi na Babu

Taaluma unayoingia huenda uliiishi kabla hujaisoma. Wengi wetu tuliachishwa ziwa tukapelekwa kwa bibi, au tulikaa kwake madarasa mawili matatu ya shule ya msingi wazazi wakihangaikia maisha mjini. Lakini wazazi walikuwepo. Walituma sukari, sare na nauli, na Desemba walikuja kutuona. Kaya tunayoichunguza hapa haina mtu wa kutuma. Ina mzee, mara nyingi mwanamke na mara nyingi mjane, na ina watoto. Kizazi cha kati, chenye nguvu ya kulima na kutafuta, kimekufa, au kimeondoka, au kipo mahali fulani hakina cha kutoa.

Nasema mapema upande nilioshika, ili usome ukijua. Bibi anayelea wajukuu yuko kazini, tena kazi nzito, na msaada wowote unaokusudiwa kumfikia mtoto yule unapaswa kupita mkononi mwake. Jambo hili likisemwa hivyo kila mtu hukubali. Ukifungua sera, bajeti na fomu, utaona jinsi lilivyosahauliwa.

Tuanze na nguvu ya wazee hawa kabla ya shida zao, maana mwanafunzi akianza na shida huishia kuwaonea huruma tu. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe katika miaka ya 1980 wakihesabu muda ambao kila mtu aliutumia kutafuta chakula. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1989 yalionyesha kwamba wanawake waliopita umri wa kuzaa walitumia muda mrefu zaidi porini kuliko wanawake wenye kunyonyesha, wakichimba mizizi ambayo mikono ya mtoto haiwezi kuitoa ardhini. Kutokana na kazi hiyo ilizuka hoja kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi aliwalisha wajukuu. Hoja hiyo bado inabishaniwa na wanabiolojia, na mabishano yake ni matamu kuyafuata. Huko Gambia nako, Rebecca Sear, Ruth Mace na Ian McGregor walipochambua kumbukumbu za vijiji, waliona mwaka 2000 kwamba bibi mzaa mama akiwa hai, mjukuu aliyefika umri wa kuachishwa ziwa alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona na kukua. Na kwa Wajaluo, siwindhe, nyumba ya bikizee aliyeitwa pim, ilikuwa mahali pa watoto kulala, kufundwa na kujua dunia ilivyo. Mwanahistoria David William Cohen aliona katika mlango wa pim chanzo cha historia ya jamii nzima.

Basi bibi kulea si ajali ya zama hizi. Kilichobadilika ni kwamba aliachwa peke yake.

Mahali ambapo badiliko hilo linaonekana wazi ni Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mkoani humo, mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Hesabu miaka hiyo ishirini na ushee. Katika vibanja vya migomba na kahawa, kizazi cha kati kilizikwa nyuma ya nyumba, na waliobaki kupalilia walikuwa wazee na watoto. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walizihoji kaya 915 mkoani Kagera, kisha wakarudi mwaka 2004 na 2010 kuwatafuta watu walewale popote walipohamia, hata nje ya nchi. Sijui hazina nyingi za namna hii barani Afrika, na nakusihi uijue. Kutokana nayo Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waligundua kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kufikisha miaka 15 alikuja kuwa mtu mzima mfupi kwa karibu sentimita mbili, na mwenye pungufu ya karibu mwaka mmoja wa shule, kuliko ambavyo angekuwa.

Wapo wanaosoma sentimita zile mbili kama aibu ya walezi. Mimi naziona ni kipimo cha vitu ambavyo nyumba ile ilikosa: maziwa, maharage, sabuni, daftari. Mlezi alikuwepo. Alichokosa ni mkono wa pili.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Erick Otieno Nyambedha alifanya utafiti Nyang'oma, magharibi mwa Kenya, akakuta mtoto mmoja kati ya watatu wenye umri chini ya miaka 18 amefiwa na mzazi angalau mmoja. Mwaka 2003, pamoja na Simiyu Wandibba na Jens Aagaard-Hansen, aliandika juu ya wazee walionyang'anywa mapumziko yao. Mila ilikuwa imewaahidi kwamba watafikia umri wa kuletewa maji ya kuoga, wakajikuta wanarudi mtoni na ndoo. Andiko hilo ni fupi. Lisome kabla ya vitabu vinene.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Serikali na mashirika huigawa kaya hii vipande viwili. Kuna dawati la watoto, lenye orodha ya yatima, na kuna dawati la wazee, lenye orodha ya wasiojiweza. Mtoto na bibi yake wanalala kitanda kimoja lakini majalada yao hayajawahi kukutana. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilisisitiza kwamba familia itabaki kuwa nguzo ya matunzo ya mzee. Katika nyumba tunayoizungumzia familia yenyewe ni mzee huyo na watoto wa darasa la tatu. Nani basi amtunze nani? Josien de Klerk, aliyeishi na kufanya utafiti wa uzee na ukimwi kaskazini magharibi mwa Tanzania, anatusaidia kuona kwamba matunzo huko yalikwenda pande zote. Mjukuu huchota maji, huokota kuni, humpaka bibi dawa ya mgongo, humsomea kadi ya kliniki. Mtoto huyo ni mlezi pia. Msaada unaomchukua yeye kwenda kituo cha yatima ili "kumwokoa" unamwacha bibi bila macho na bila miguu, na unamnyima mtoto mtu pekee anayejua alizaliwa siku gani na mvua ipi.

Je, fedha zikipita mkononi mwa bibi zinamfikia mtoto? Hili ndilo swali ambalo wakubwa huuliza kwa wasiwasi, na jibu lake tunalo. Afrika Kusini ilipopanua pensheni ya uzeeni mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawafikia Waafrika wengi, Esther Duflo alichambua vipimo vya watoto walioishi na wazee hao. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2003 alionyesha kwamba pensheni iliyopokelewa na bibi iliboresha uzito na urefu wa wajukuu wa kike. Ile iliyopokelewa na babu haikuonyesha matokeo kama hayo. Karibu na kwetu, mwaka huohuo wa 2003, mradi wa Kwa Wazee ulianzishwa Nshamba, wilayani Muleba, ukiwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi na nyongeza kwa ajili ya watoto wanaowalea. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilibeba jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Fedha zilikwenda huko. Hakuna aliyehitaji kuwahubiria.

Zanzibar ilianza pensheni jamii mwezi Aprili 2016: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, kwa umri huohuo. Nazisifu hatua hizi kwa moyo wote, na hapohapo nauliza kuhusu ule umri wa miaka 70. Katika jamii ambapo binti huzaa akiwa na miaka 19 na binti yake naye vivyo hivyo, mwanamke huitwa bibi kabla hajafika 40. Anaweza kuachiwa watoto watatu akiwa na miaka 52, na atakapofikia umri wa pensheni mtoto wa mwisho atakuwa amekwisha kuondoka nyumbani. Miaka yake mizito kuliko yote inapita kabla dirisha la malipo halijafunguliwa. Mpango wa Kenya wa fedha kwa kaya zenye yatima, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, uliingilia mlango mwingine kwa kumwanzia mtoto, na kwa hiyo uliweza kumfikia bibi wa umri wowote. Lakini ulimtaka mtoto awe yatima au katika hatari inayotambulika, na hapa tunakutana na tabaka jipya.

Mama wa watoto wengi wanaolelewa na bibi siku hizi yu hai. Yuko Muscat au Riyadh akifanya kazi za ndani, yuko Nairobi, yuko machimboni Geita. Kwa Pwani na Visiwani hali hii imekuwa ya kawaida mno kiasi kwamba mtu haulizi tena mama yuko wapi. Huuliza alituma lini. Mwezi mmoja fedha huingia kwenye simu, miezi minne haziingii. Mtoto huyo si yatima katika orodha yoyote, na bibi huona haya kusema kwamba mwanawe hapokei simu. Tafiti zetu za Kiswahili juu ya nyumba hizi ni chache, na kwa mwanafunzi anayetafuta mada, hapa pana kazi ya miaka mingi.

Nikuonye pia kuhusu karatasi, kwa kuwa wanazuoni hupenda fedha na chakula wakasahau mihuri. Bibi huombwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na cheti kinadai taarifa za wazazi. Huombwa alama za vidole, na vidole vilivyoshika jembe miaka 50 mara nyingine mashine haivisomi. Huambiwa alete barua ya mahakama kuthibitisha kwamba yeye ndiye mlezi. Na hali Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatambua kwamba wazazi wote wawili wakifariki, wajibu wao unaweza kwenda kwa ndugu kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Kikao cha ukoo baada ya matanga, kilichosema "watoto wabaki kwa bibi yao", kina uzito wa kisheria. Ofisa ustawi wa jamii anayelijua hilo anaweza kumwokolea mzee safari za kutwa nzima. Natamani kila chuo kinachofundisha ustawi wa jamii kilifundishe.

Ardhi nayo ni malezi. Kwa mila zilizoandikwa rasmi mwaka 1963, mjane alihesabiwa kuwa mtu wa kutunzwa na wanawe. Shamba halikuwa fungu lake. Wana wakifa, hesabu yote inavunjika: mashemeji huja kupima mipaka, na watoto wanaokula kutoka kibanja kile hawana wa kuwatetea isipokuwa mwanamke ambaye mila haimtambui kuwa mwenye mali. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua katika kesi ya Holaria Pastory wa Kagera kwamba kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, ilhali mwanamume anaruhusiwa, ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Hukumu ile ilihusu shamba ambalo mwanamke aliachiwa na baba yake kwa wosia. Haikumaliza tatizo la wajane. Isome hata hivyo kama sehemu ya elimu ya malezi, ingawa maktaba itakuwa imeiweka kwenye rafu ya sheria.

Babu nimemtaja kidogo, kama taaluma yote inavyomtaja kidogo. Wapo wanaopika uji alfajiri na kusuka nywele za wajukuu wa kike kwa shida, na hatujawaandika.

Ukienda nyumbani kwa watu hawa, usianze na kifo. Anza na siku ilivyo: nani huamka kwanza, nani huwasha moto, dawa humezwa saa ngapi. Shika jembe au menya ndizi wakati mnaongea, na zungumza na mtoto peke yake, kwa ruhusa, maana kuna mambo hawezi kuyasema mbele ya mtu anayemwonea huruma. Mtoto anayeishi na virusi huenda anajua zaidi ya bibi anavyodhani, naye bibi huenda amekaa miaka akitafuta maneno ya kumwambia. Usiyaseme wewe. Waunganishe na mnasihi wa kituo cha tiba na matunzo, na kliniki ya mtoto na ya shinikizo la damu la bibi zipangwe siku moja, ili nauli iwe moja.

Halafu kuna swali ambalo karibu kila mzee anayelea amekwisha kujiuliza usiku, na madodoso yetu hayaliulizi: nikienda mimi, huyu atabaki kwa nani? Bibi wa miaka 78 mwenye mjukuu wa miaka 9 anajua hesabu hiyo bila kufundishwa. Liulize kwa upole, ukiwa tayari kusaidia jibu lake liandikwe: jina la mtu aliyekubali mwenyewe, mashahidi wawili kutoka pande zote mbili za ukoo, mipaka ya shamba, mahali kilipo cheti cha mtoto, na nakala moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Mtoto awepo yanapoandikwa, naye aulizwe kama anamtaka mtu huyo.