Udongo wa Pemba Hauongezi Damu

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho akina mama wengi wanakila lakini hawakitaji wafikapo kliniki. Ni udongo. Huku kwetu Shinyanga na Geita unauzwa gengeni kando ya nyanya na dagaa, umefinyangwa vipande kama vidole, na watu wanauita pemba. Mjamzito anaununua kutuliza kichefuchefu, au kwa kuwa bibi yake alimwambia kwamba unaongeza damu.

Tuliwahi kumpokea mama mmoja kutoka machimboni, mimba ya miezi minane. Alihema kwa kutembea hatua chache tu, na nilipovuta kope ya chini ya jicho niliona weupe badala ya wekundu. Kipimo cha wingi wa damu kilionyesha gramu 5. Mjamzito anatakiwa awe na gramu 11 au zaidi. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Tulimuuliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu. Akajibu ndiyo, kila siku, na mumewe akamshuhudia. Tulipombadilisha nguo ndipo tulipokuta fundo kwenye pindo la khanga, na ndani yake vipande saba vya pemba. Kumbe akishameza kidonge alitafuna udongo papo hapo, kuondoa ile ladha ya chuma mdomoni.

Vidonge vyake vilikuwa vikipotea bure. Udongo wa namna hiyo ukifika tumboni hunasa madini ya chuma yaliyomo katika chakula na katika vidonge, yakatoka na choo badala ya kuingia mwilini. Utasikia watu wakisema, "Mbona udongo wenyewe una chuma?" Ni kweli kimo, lakini mwili unakipata kwa shida sana. Tena hamu yenyewe ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Basi mama anakula udongo huku damu imepungua, na damu inazidi kupungua kwa kuwa anakula. Siku ya kujifungua hana akiba. Damu ambayo mwenzake angeipoteza na kuinuka kesho yake, yeye inaweza kumwua.

Kwa wanaoishi kwenye machimbo kuna jambo la pili. Mwaka 2012 watafiti waliwahoji wajawazito 340 katika kliniki nne za wilaya ya Geita. Kati yao 155 walikuwa wanakula udongo, karibu nusu, na wengi wao waliununua dukani. Udongo huo ulipopimwa ulikutwa na madini kadhaa, ikiwemo arseniki, ambayo ni sumu. Miamba yenye dhahabu huku kwetu ina arseniki kwa asili yake. Juu ya hiyo, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na mabaki yake humwagika kwenye mialo na vijito. Mama anayechota udongo wa kichuguu karibu na mwalo hawezi kujua amechota nini, maana arseniki haina harufu wala ladha. Sumu hizi hupita kwenye kondo la nyuma zikamfikia mtoto, na ubongo wake ndio kwanza unaumbika.

Wako wanaoubanika udongo kwanza wakidhani wameusafisha. Moto unaweza kuua mayai ya minyoo, lakini arseniki na risasi hubaki. Zebaki nayo ikipata moto inakuwa mvuke, na mpishi anauvuta. (Nanyi akina baba mnaochomea dhahabu jikoni, nimewaona. Fanyeni kazi hiyo mbali na nyumba.)

Siandiki haya kwa kuwacheka akina mama. Mimi mwenyewe nikiwa na mimba yangu ya kwanza nilificha pemba katika mfuko wa sare ya uuguzi, na harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi ilinitoa udenda. Hamu hiyo ina nguvu. Ndiyo maana mama akigombezwa kliniki anaacha kusema, wala haachi kula. Mwambie muuguzi ukweli, upimwe damu.

Kwa kichefuchefu, tafuna kipande cha michembe kabla hujainuka kitandani, ule kidogo kidogo mara nyingi, na chai ya tangawizi isiyo kali inasaidia. Kidonge cha damu usikimeze pamoja na chai ya majani, kwani nayo huzuia chuma. Meza kwa maji, ukifuatisha chungwa au embe. Kikikuchafua tumbo, meza usiku baada ya chakula. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma hicho. Nsansa, maharage na dagaa visikose mezani. Dawa ya minyoo utapewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Yule mama aliongezewa damu, kaka yake ndiye aliyejitolea, akajifungua salama mtoto wa kike. Alipomleta kwa chanjo aliniambia kwamba vidonge aliendelea navyo bila pemba, na baada ya wiki chache hamu ilimtoka yenyewe. Siku hizi akipita gengeni, anasema, anauona udongo kama udongo.